Steringi Hana Haja ya Hakimu: Uhalifu na Haki katika Filamu Tulizozitazama

Mshtakiwa wa wizi akipewa dhamana asubuhi, kufikia jioni vijiwe vya Bagara huwa vimekwisha kutoa hukumu: "Amehonga." Hakuna anayeuliza kama kosa lenyewe lina dhamana kisheria, wala masharti yaliyowekwa ni yapi. Neno "ameachiwa" hutamkwa kana kwamba kesi imekwisha na aliyeibiwa ameibiwa mara ya pili, safari hii na serikali yake. Sisemi kwamba rushwa haipo. Ipo, na wananchi wana sababu za kutosha za kuwa na shaka. Swali langu ni jingine: ile picha ya haki tunayoibeba vichwani, ambayo kila tukiilinganisha na mahakama tunaiona mahakama imepungukiwa, tuliipata wapi?

Wengi wetu hatujawahi kuketi katika chumba cha mahakama na kuifuata kesi moja tangu mashtaka yasomwe hadi hukumu itolewe. Filamu, lakini, tumezitazama kwa mamia: kwenye majumba ya sinema, kwenye vibanda umiza, kwenye mabasi ya mikoani, na sasa kwenye simu. Huwaomba wanafunzi wangu wanitajie filamu ya Kiswahili ambamo hakimu anawasikiliza mashahidi wa pande zote mbili kabla ya kuamua. Hukaa kimya. Nikiwaomba wanitajie filamu ambamo muovu anapigwa risasi, anarukwa na akili au anatokewa na mzimu wa aliyemuua, darasa zima husema kwa pamoja.

Ukimya ule una historia. Katika takriban miaka tisini ya filamu nitakazozijadili hapa, mhusika mmoja amekuwa akiachwa nje ya hadithi mara kwa mara, naye ni hakimu. Kila zama zilikuwa na sababu zake za kumwacha nje, na gharama ya kutokuwapo kwake tumeilipa kwa damu.

Mwizi kama minyoo

Tuanzie milimani Usambara. Kati ya 1935 na 1937, mahali paitwapo Vugiri, palikuwa na mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka Carnegie Corporation ya Marekani, na msimamizi wa utengenezaji alikuwa Meja L. A. Notcutt. Filamu zilikuwa fupi na za mafunzo: minyoo ya safura, kilimo bora, kodi, akiba. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta. Fundisho lake lilikuwa jepesi: fedha zinazofichwa nyumbani huibiwa, na zilizowekwa posta hubaki salama.

Katika hadithi ya namna hiyo mwizi hahitaji kuwa na sababu ya kuiba. Yupo kama minyoo ilivyopo: hatari inayomngoja asiyefuata maelekezo. Uhalifu umewekwa fungu moja na maradhi, na dawa ya vyote viwili ni kuitii serikali. Haiulizwi kwa nini mshahara wa kibarua ulikuwa mdogo kiasi kile, wala kwa nini kijana alilazimika kuacha shamba la baba yake ili apate fedha ya kodi. Kesi ya mwizi haina haja ya kusikilizwa kwa sababu filamu yenyewe imekwisha kumhukumu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili somo hilo lilihamia mjini. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ilikuwa imejipa kwa sheria uwezo wa kuwaondoa mijini watu iliowaita wasiotakiwa. Kijana asiye na kazi aliweza kukamatwa Dar es Salaam na kurudishwa kwao pasipo kuiba hata sindano. Miaka minane baadaye, 1952, ikatoka filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, ikimhusu mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kuponzwa na mji. Aliyeigiza humo alikuwa kijana aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka kumi baadaye, 1962, Kawawa alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Simtaji Mzee Kawawa kwa kumlaumu. Namtaja kwa sababu safari yake kutoka kwenye filamu hadi uwaziri mkuu inatuonyesha jinsi hadithi moja ilivyovuka mpaka wa uhuru bila kukaguliwa. Sheria na filamu zilisimulia jambo moja: mji huharibu, shamba huokoa, na kijana anayezurura mjini ni mhalifu mtarajiwa. Mwaka 1983, zaidi ya miaka ishirini baada ya bendera ya Mwingereza kushushwa, operesheni ya Nguvu Kazi ilikuwa ikiwakusanya wasio na kazi mijini na kuwapeleka mashambani. Mkoloni aliondoka, lakini picha yake ya mhalifu tulibaki nayo.

Siku mahakama iliposhtakiwa

Wakati serikali ikitengeneza filamu za kufundisha, watu walilipa fedha zao kutazama filamu nyingine kabisa, zilizotoka India. Katika hizo, Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa mno Zanzibar na katika miji ya pwani, na iliendelea kuonyeshwa kwa miaka mingi. Ni filamu ya kesi tangu mwanzo hadi mwisho.

Jaji Raghunath anaamini kwamba mtoto wa mtu mwema huwa mwema na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Kwetu imani hiyo ina methali yake: mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa imani hiyo alimtia hatiani mtu mmoja, Jagga, kwa ushahidi hafifu, kwa kuwa tu baba yake alikuwa jambazi. Jagga akalipa kisasi kwa kumteka mke wa jaji. Mwanamke aliporudi ni mjamzito, mumewe akamtilia shaka na kumfukuza. Mtoto aliyezaliwa, Raj, akakulia katika umaskini na kulelewa katika wizi na Jagga yule yule. Mwishowe mtoto wa jaji anasimama kizimbani, mwanasheria kijana, Rita, anamtetea, na shahidi anayehojiwa ni jaji mwenyewe, baba yake.

Nafikiri hapa ndipo filamu ilipofanya kazi ambayo filamu za serikali hazikuthubutu kuifanya. Iliuliza uhalifu unatokana na nini, na ikauliza swali hilo mahakamani, kwa utaratibu, mbele ya watu. Kisha haikumwachia Raj huru kwa huruma, kwani alifungwa miaka mitatu. Haki ilitendeka kwa kosa lake bila kuficha kosa la jamii iliyomlea. Watazamaji wetu wa miaka ya 1950 walikuwa watawaliwa ambao mahakimu wao walikuwa wageni, na huenda hilo ndilo lililowafanya waelewe haraka kwamba jaji naye anaweza kuwa na kesi ya kujibu.

Nani anaandika mwisho?

Miaka ya 1970 ilileta steringi wa namna nyingine. Marekani, mwaka 1971, ilitoka filamu Dirty Harry, ya askari wa San Francisco anayemkamata muuaji, kisha muuaji anaachiwa kwa kuwa ushahidi ulipatikana kwa kuvunja haki zake. Mwishowe askari anamuua na kuitupa beji yake majini. Filamu ile ilitoka miaka mitano tu baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua, mwaka 1966, kwamba mtuhumiwa lazima aelezwe haki zake kabla ya kuhojiwa. Ilikuwa jibu la kisiasa lililovaa mavazi ya burudani: haki za mtuhumiwa ni kikwazo, na wakili ni rafiki wa mhalifu. Hapa nyumbani, Elvis Musiba alituletea katika riwaya ya Kufa na Kupona, 1974, mpelelezi Willy Gamba, mzalendo anayelitetea Bara la Afrika kwa bastola. Tulimpenda, na alistahili kupendwa. Ila naye hakuwa na muda wa mahakama.

India nayo ilitoa Sholay mwaka 1975. Ndani yake aliyekuwa afisa wa polisi, ambaye familia yake iliuawa na mikono yake kukatwa na jambazi Gabbar Singh, anawakodi wafungwa wawili wa zamani wamlipie kisasi. Katika mwisho uliotengenezwa kwanza, afisa yule alimuua Gabbar. Wakaguzi wa filamu wa India, nchi ikiwa katika hali ya hatari, wakakataa, na mwisho ukabadilishwa ili polisi wafike kwa wakati na kumchukua jambazi akiwa hai. Kwetu, sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya 1976 ilitaka kila filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani.

Serikali zilijua, basi, kwamba mwisho wa filamu ni jambo la kisiasa, kwa kuwa ndiyo sehemu inayomwambia mtazamaji nani ana haki ya kuadhibu. Tatizo ni kwamba serikali hizo hizo, ziliposhika kalamu ya mambo ya kweli, ziliandika mwisho wa haraka kama wa steringi. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, watu walikamatwa kwanza na sheria ikatungwa baadaye. Mabaraza maalumu yakaundwa kuwahukumu, na mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Mwaka uliofuata, 1984, sheria ile ilibadilishwa na nyingine iliyorudisha kesi hizo mahakamani. Wananchi wengi waliishangilia operesheni ile, maana bidhaa zilikuwa zimeadimika na hasira ilikuwa ya kweli. Sokoine anakumbukwa kwa heshima hadi leo, nami simvunjii heshima hiyo. Nasema tu kwamba tulishangilia filamu isiyo na hakimu, na tuliishangilia kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuzoea kuitazama.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa sungusungu. Walizuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu wezi wa mifugo walikuwa wamekithiri na polisi walikuwa mbali au walikuwa washirika wa wezi. Mwaka 1989 Bunge liliwatambua kisheria. Usalama ulirejea katika vijiji vingi. Lakini kulikuwa na vijiji ambako mlinzi, mpelelezi, hakimu na mtekelezaji wa adhabu walikuwa mtu yule yule.

Kibanda umiza

Tulioishi Babati kabla Mkoa wa Manyara haujaanzishwa mwaka 2002 tunaukumbuka mji wa njiani, katika barabara kuu ya zamani itokayo Arusha kwenda Kondoa na Dodoma. Sinema kwetu ilikuwa kibanda: mabenchi, televisheni moja, deki, na joto la watu. Humo ndimo tulimotazama Commando ya mwaka 1985, ambamo Arnold Schwarzenegger anaua jeshi zima ili kumwokoa binti yake. Humo tulijifunza sheria mbili ambazo hakuna Bunge lililozitunga: steringi hafi, na adui hana la kujitetea.

Kisha wakaja watafsiri. Lufufu wa Dar es Salaam, na baadaye DJ Afro wa Kenya, walizifanya filamu za kigeni ziseme Kiswahili. Wao hawakutafsiri tu maneno. Waliingilia kati, wakawapa wahusika majina ya mtaani, wakamzomea adui na kumhurumia mnyonge. Kwa namna fulani walifanya kazi ya baraza la wazee, wakimpima kila mhusika mbele ya umma. Huo ni ubunifu mkubwa ambao vyuo vyetu vimechelewa kuuheshimu. Hata hivyo, mwisho hawakuweza kuubadilisha. Risasi ilikuwa imekwisha kufyatuliwa Hollywood au Hong Kong.

Filamu zetu wenyewe za video zilipovuma, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, hakimu hakurudi. Bastola ilipungua, mahali pake pakaingia nguvu za ghaibu. Mussa Banzi alituletea filamu za kutisha kama Nsyuka na Shumileta, na katika filamu nyingi za zama zile muovu anaadhibiwa na jini, na maradhi, na laana ya mzazi, au na dhamiri yake. Siku za mwizi ni arobaini, husema wahenga, na filamu ikatuhakikishia kwamba siku hizo zinahesabiwa mbinguni. Msomi anaweza kucheka. Mimi sicheki. Mjane aliyedhulumiwa kiwanja na shemeji zake, asiye na nauli ya kufuata kesi, anapata katika filamu ile faraja ambayo hakuna ofisi iliyompa. Lakini faraja hiyo ina upande wa pili: inamfundisha kungoja laana ifanye kazi ambayo ni ya mahakama.

Msitu wa Pande

Tarehe 14 Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa na polisi jijini Dar es Salaam. Maelezo ya kwanza yalikuwa yale tuliyokwisha kuyasikia katika filamu mia: majambazi wenye silaha wameuawa katika mapambano ya risasi. Mji ulikuwa umechoshwa na ujambazi. Kwa watu wengi habari ile ilikuwa imekamilika: muovu amekufa, filamu imekwisha.

Ndugu wa marehemu hawakukubali. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume iliyoongozwa na Jaji Kipenka Mussa, na ikabainika kwamba wale watu hawakuwa majambazi na hapakuwa na mapambano. Walikamatwa wakiwa hai, wakauawa katika msitu wa Pande. Kesi ilifunguliwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru washtakiwa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani afisa mmoja kwa mauaji na kuwaacha huru wengine waliohusika katika rufaa ile. Miaka zaidi ya kumi ilipita.

Nimeeleza kesi hii kwa kirefu kwa sababu inaonyesha kwa nini hakimu ni mhusika wa lazima. Bila mtu wa kuuliza "ushahidi uko wapi?", wafanyabiashara wanne wa hadithi yetu, tukimhesabu na dereva miongoni mwao, wangezikwa wakiwa majambazi na kubaki majambazi milele. Katiba yetu, katika ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Kifungu hicho kiliingia pamoja na haki nyingine za msingi katika mabadiliko ya 1984. Mara nyingi tunakiona kama zawadi kwa wahalifu. Pande inatukumbusha kwamba ni kinga ya raia mwema aliyefananishwa na mwingine.

Majirani zetu wameliona hili kwenye filamu kabla yetu. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, 2012, inamfuata kijana wa kijijini anayeingia Nairobi, anaibiwa siku ya kwanza, anaswekwa rumande bila kosa la maana, na huko ndiko anakokutana na genge. Ni Muhogo Mchungu iliyosimuliwa upya baada ya miaka sitini, ila safari hii mji wenyewe unahojiwa, na polisi wanaonyeshwa wakiwaua watuhumiwa badala ya kuwapeleka mahakamani. Amil Shivji naye, katika Vuta N'kuvute ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ameturudisha Zanzibar ya kikoloni, ambako anayewindwa na polisi ni mpigania uhuru. Filamu hizi mbili hazisemi kwamba uhalifu ni sifa. Zinauliza nani aliyeandika orodha ya wahalifu.

Lugha ya hakimu

Wapo watakaosema kwamba namtwika msanii mzigo usio wake. Filamu ni burudani, na anayemchoma moto kibaka hakujifunza hilo kwenye kibanda, bali amekata tamaa na vituo vya polisi. Ninaikubali nusu ya pili ya hoja hiyo. Anayesikia mara ya saba kwamba "upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa" ana haki ya kukasirika. Filamu haikuziunda hasira hizo, ila ilizipa umbo na ikazionyesha njia fupi.

Lakini mahakama nayo ilichangia kujiondoa katika hadithi. Kwa miongo mingi baada ya uhuru, ukiacha mahakama za mwanzo, kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ambapo sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwandishi wa filamu angewezaje kumwandikia maneno hakimu ambaye yeye na watazamaji wake hawamwelewi? Bastola na jini vilikuwa vinazungumza Kiswahili fasaha kuliko mahakama.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wanafunzi, nendeni mkaketi mahakamani. Kesi nyingi husikilizwa hadharani na hazina kiingilio, na siku hizi hata Mahakama Kuu inaketi hapa hapa Babati. Mtaona kwamba shahidi anayebanwa kwa maswali hadi ukweli umtoke ana mvuto kuliko mlipuko wowote. Wanaharakati, mnapotoa msaada wa kisheria, toeni pia visa vya kweli, kwa ridhaa ya wenyewe, kwa vijana wanaoandika filamu. Nanyi watumishi wa umma mnaokagua na kutoa vibali, msimwogope mwandishi anayemwonyesha askari mla rushwa au hakimu mzembe. Jaji Raghunath alionyeshwa hivyo mwaka 1951, na mahakama haikuanguka. Mahakama inayoonyeshwa na makosa yake, kisha ikaonyeshwa ikiyasahihisha, itaaminika kuliko ile isiyoonekana kabisa, na mwananchi anayeiamini hatatafuta tairi na petroli.